Diski ya Pili Ilipokufa

Nduta alikuwa akichambua mchele wa Mwea kwenye sinia wakati taa ya pili ya mashine ilipogeuka nyekundu. Alitoa jiwe moja, akaliweka kando, ndipo akainuka kwenda kutazama.

Mashine hiyo ilikaa kando ya televisheni, sebuleni kwa baba yake, Kinuthia, nje kidogo ya Endarasha. Kaka yake Mwai, anayetengeneza kompyuta mjini Nyeri, ndiye aliyeiunda ili itunze picha na video zote za nyumba yao. Ndani yake mlikuwa na diski nne. Tatu ziliweka picha. Ya nne haikuweka picha yoyote. Kazi yake ilikuwa kutunza hesabu ya zile tatu, ili moja ikifa, zilizobaki zijumlishwe na hesabu hiyo, na kilichopotea kipatikane.

"Usizime," Mwai alisema kwenye simu. "Na usichomoe kitu ati unajaribu. Ukichomoa ile nzima, tumekwisha. Nakuja na diski mpya. Iko moto?"

Nduta aliigusa. Ilikuwa moto kama sufuria. Juu yake kulikuwa na kitambaa cha kroshia, cheupe chenye maua ya manjano, kilichoshuka mpaka kikaziba matundu ya hewa. Mama yao, Wakonyo, ndiye aliyekishona. Alifunika kila kitu nyumbani, redio, televisheni, migongo ya makochi, na mashine ilipoletwa akaipimia cha kwake. Tangu azikwe hakuna aliyethubutu kukiondoa. Walikifua, wakakianika, wakakirudisha palepale.

"Iko na kitambaa ya Mami," Nduta alisema.

"Toa," Mwai akasema. "Lakini polepole."

Nduta alikikunja na kukiweka juu ya kochi. Kulikuwa na jambo moja tu alilohofia. Siku ya mazishi walikosa picha ya Wakonyo ya kuweka juu ya jeneza, wakakuza ile ya kitambulisho, ambamo alikuwa amekaza uso kama mtu anayeshtakiwa. Tangu hapo Nduta alikuwa akipekua mashine, akitafuta picha moja tu ya mama yake akiwa ameketi, anacheka. Sasa diski ya pili ilikuwa imekufa kabla hajaifikia.

Aliporudi mezani alimkuta mama yake ameshika sinia.

"Huu mchele umechambua na macho ya nani?" Wakonyo aliuliza.

"Yangu, Mami."

"Ona mawe. Unataka baba yako akose meno kabisa?"

Nduta akavuta kiti, wakachambua pamoja.

Mwai alipofika alimsalimia mama yake, akafungua begi, na kueleza kwamba hilo ni jambo la kawaida. Diski ikifa, mashine haikubali pengo. Inakihesabu kilichokosekana kutokana na waliobaki, na unakiona kama kilivyokuwa, ila kinakuja taratibu. Kweli Wakonyo alikuwa taratibu. Ukimwuliza kitu, jibu lilifika chai ikiwa imeanza kupoa.

"Lakini hesabu inataka wote wawe hapa," Mwai aliongeza.

Kinuthia alikuwa ameshatoka kupeleka ng'ombe joshoni. Kadiri alivyokwenda mbali, ndivyo kabati la vyombo lilivyozidi kuonekana kupitia gauni la Wakonyo.

"Mwiteni baba yenu," alisema bila kuinua kichwa. "Sioni mchele vizuri."

Kinuthia akarudi na ng'ombe wake wakiwa hawajaogeshwa, akaketi kwenye kochi, na Wakonyo akakolea tena. Alimwuliza mumewe kwa nini soksi zake hazifanani. Kinuthia alisema alizivaa gizani. Alikuwa akitabasamu tangu mlangoni.

Jirani yao Wambugu alikuja kuazima wilbaro.

"Mama Mwai! Kumbe umerudi?"

"Niko tu, mpaka diski ijengeke."

"Sawa basi. Huko usalimie watu," Wambugu alisema, akaondoka na wilbaro.

Mwai alisoma namba ya kila diski, akairudia, ndipo akachomoa ile iliyokufa na kuingiza mpya. Mashine ikaanza kuijaza. Alikataza mtu yeyote kuingiza picha mpya kabla haijamaliza.

Nduta aliketi karibu na jiko na simu yake, akazifungua picha za diski ya pili, ambazo sasa mashine ilikuwa ikizihesabu moja baada ya nyingine. Aliona Krismasi. Aliona mahafali ya Mwai, na Kinuthia amekumbatia ndama. Katika kila sherehe watu walikuwa wameketi na sahani mikononi. Wakonyo hakuwamo. Katika chache kulikuwa na ncha ya kidole chake, pembeni kabisa.

"Mami, mbona hauko mahali popote?"

Wakonyo alikoroga mchuzi. Jibu likachukua muda wake kufika.

"Si mimi nilikuwa nashika simu."

"Na hakuna mtu alisema akushikie?"

"Mlikuwa mnakula," Wakonyo alisema.

Chakula kilipoiva, Nduta alisogeza kiti karibu na dirisha, mahali penye mwanga mzuri. "Kaa hapa nikupige moja. Mashine ikimaliza nitaiweka."

"Nikikaa, nani atapakua?"

Wote wakaitazama sufuria. Mwai akaitazama tena mashine. Nduta alikuwa ameinuka nusu wakati Kinuthia aliposema, kwa upendo mwingi, "Mwache. Huyu hakupenda kukaa hata siku moja."

Wakonyo akapakua, sahani ya Kinuthia kwanza. Kisha akafuta mikono kwenye leso na kuichukua simu mkononi mwa Nduta.

"Sogeeni karibu. Mwai, achana na hiyo mashine. Baba Mwai, toa kofia tuone hicho kipara. Nduta, cheka kidogo, si mazishi."

Wakacheka, na Wakonyo akabonyeza.

Taa ya pili ikageuka kijani. Simu ilikuwa juu ya meza, bado ina joto la mkono. Mwai alisema diski imejengeka yote, hakuna kilichopotea hata kimoja, na sasa wanaweza kuingiza picha mpya. Akaiingiza ile, kisha akampitishia baba yake simu aitazame.

Kinuthia alivaa miwani, akaisogeza simu mbali kidogo na uso. "Imetoka vizuri sana," alisema. "Tuko sote."

Akamrudishia Nduta simu pamoja na sahani yake tupu. Nduta aliiweka simu mfukoni, akainuka kwenda kumwongezea.