Kahindi Kwenye Benchi la Wakili

Jumatatu moja ya Aprili 1985, saa tatu asubuhi, karani Zipporah alikuwa akibadilisha utepe wa taipureta katika ofisi ya wakili Kaltuma Msellem, Malindi. Mvua ilikuwa ikipiga mabati. Mama mmoja akaingia pamoja na mumewe. Mama alikuwa Mapenzi, mkulima wa Matsangoni. Mume alikuwa Kahindi, na alikuwa amekufa miaka minne iliyopita.

Mapenzi alikuwa amelowa hadi magotini. Kahindi alikuwa mkavu. Shati jeupe alilozikwa nalo lilipasuliwa mgongoni, kwa kuwa siku ile mikono yake ilikataa kukunjika. Akaketi kwenye benchi, mgongo ukutani, asionekane vibaya.

"Shikamoo, baba," Kaltuma alisema.

"Marahaba."

Mapenzi akatoa karatasi mbili. Ya kwanza iliwataka watu wa nyumba yake waondoke shambani kabla Juni haijaisha. Ya pili ilikuwa nakala ya hati iliyosema kwamba Kahindi aliliuza shamba lake kwa kampuni ya hoteli, kwa hiari yake, mwezi wa Machi 1984, akaweka alama ya dole gumba mbele ya wakili Shekue. Chini yake Shekue alitia sahihi kwamba alimwona kwa macho yake.

"Uliweka dole hapa, baba?"

"Machi hiyo nilikuwa nimelala nyuma ya nyumba yangu," Kahindi alisema. "Nilikuwa nasikia jembe tu."

Kaltuma akakichukua kidole gumba cha Kahindi, akakibana kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Kilikuwa baridi kama mtungi. Mistari haikufanana na ile ya hati. Akawaeleza kwamba mahakamani kuja mwenyewe hakutoshi, kungehitajika cheti cha kifo. Mapenzi alikuwa nacho.

Kwa hiyo kesi ilikuwa nyepesi, ila haikuwezekana kuifungua bila kusema kwamba Shekue alidanganya. Na kanuni ya kazi yao ilikuwa wazi. Wakili akijua mwenzake amefanya udanganyifu, hana budi kumripoti kwa kamati ya nidhamu. Shekue ndiye aliyemfundisha Kaltuma kazi. Watu wa mji walipokataa kumpa mwanamke kesi zao, yeye alimpa za kwake. Hata joho la kwanza la Kaltuma lilikuwa la Shekue, limepunguzwa na fundi.

Zipporah akaipiga barua ya kwenda kwa kamati. Kabla ya kuitia sahihi, Kaltuma akaenda kwa Shekue amsikie kwanza.

Kwenye benchi la Shekue walikuwa wameketi wazee wawili na mwanamke mmoja, wakavu, kimya, mikono magotini. Wote walikuwa maiti. Kaltuma alishangaa tu kwamba miaka yote aliyofanya kazi pale hakuwahi kuwaona.

"Ami, yule Kahindi alikuwa ameshakufa."

"Najua." Shekue akammiminia kahawa. "Mama huyu na huyu aliye karibu naye ni wangu, hati zao nilizitia sahihi mimi. Yule wa kofia si wangu. Ni wa wakili aliyenifundisha mimi. Niliiona hati yake, nikanyamaza. Mzee huyo wa kofia akahamia kwangu."

"Hawakusumbui?"

"Hawaombi kitu. Mwanzoni nilikuwa nikigeuza kiti nisiwatazame." Akanywa kahawa yake. "Andika, binti yangu, ukiona inafaa. Mimi sitakulaumu."

Kaltuma alikuwa amejiandaa kwa vitisho. Akaimaliza kahawa yake, akaaga. Aliporudi akamwambia Zipporah kwamba barua ataitia sahihi kesho.

Juni ikaja, na ua wa waya ukazungushwa. Mapenzi akahamia kwa kaka yake, huko Sabaki. Kahindi hakumfuata. Kila asubuhi Zipporah alipofungua ofisi alimkuta kwenye benchi, akafagia kuizunguka miguu yake. Wateja walipomuuliza Kahindi kama ni zamu yake, aliwajibu, "Tangulieni." Kila tarehe ya barua ilipochakaa, Zipporah aliipiga upya. Siku moja Kaltuma aliishika kalamu, akahisi macho ya Kahindi shingoni mwake, akakaa hivyo mpaka wino ukakauka kwenye ncha.

Mwaka 1988 Mapenzi akaja kutoka Sabaki. Akampa mumewe habari. Binti yao Hannah amejifungua mtoto wa kiume, naye ameitwa Kahindi. Pale nyuma ya nyumba alipozikwa sasa pana bwawa la kuogelea, na wageni wanalisifu kwa maji yake baridi.

"Ndiyo maana," Kahindi alisema.

Mapenzi akamgeukia Kaltuma. "Barua ilikwenda, mwanangu?"

"Bado, mama."

Mapenzi akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa basi halijafika. Akamwambia mumewe asogee kidogo, akaketi ubavuni pake. Zipporah akamwita mteja aliyefuata.