Kaboni za Gari la Kinyozi

Fundi Kaboni alikuwa na sheria moja katika karakana yake, na aliishika kama dini: asiye na gari bovu hakai. Karakana si kijiwe. Ukija na salamu tupu utajibiwa salamu, kisha utaulizwa una gari gani na linaumwa nini. Ukisema huna, unaonyeshwa barabara. Hata shemeji yake, kaka wa mkewe kabisa, alishawahi kutolewa na kikombe cha chai mkononi. Watu walimnunia weee, mwisho wakachoka. Yeye alisema kununa hakujavunja spana ya mtu.

Jina la Kaboni alilipata kazini. Alikuwa fundi umeme wa magari, na ubingwa wake ni dainamo, ile mashine ya kuchaji betri kwenye magari ya zamani. Ndani yake kuna vipande vya kaboni vinavyobanwa na springi juu ya pete ya shaba. Kaboni zikilika, au springi ikichomoka, chaji hakuna, na taa nyekundu inamwakia dereva usoni. Lakini magari ya siku hizi yana alteneta badala yake, na dainamo sasa utazitafuta kwa tochi. Wateja wakapukutika, akabaki mmoja tu. Huyo alikuwa Kinyozi.

Kinyozi alikuwa na gari lile la mgongo wa kobe, injini nyuma, halina rejeta wala halijui maji, linapozwa na upepo wa feni. Na feni yenyewe imefungwa kwenye dainamo hiyohiyo, kwa hiyo ukimchezea mmoja umewachezea wote wawili. Miaka yote gari lilikuwa zima kama kengele. Tangu Kinyozi afiwe na mkewe, nalo likawa kama limeingia msibani. Haliponi. Fundi Kaboni analitengeneza, Kinyozi anashukuru na kuondoka, na wiki haijaisha unalisikia hilo linakata kona. Taa imewaka tena.

Sasa hapo ndipo palipomuuma Fundi Kaboni, kwa sababu mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka. Si sana. Ni kiasi cha kikombe kugongagonga kwenye kisosi. Aliuficha kwa kushika spana muda wote, hata anapopiga soga na mkewe. Hakumwambia mtu. Mkewe aliona, akaanza kummiminia chai nusu kikombe.

Lakini gari la Kinyozi lilimsema waziwazi. Fundi mzima unafunga springi, inakaa, halafu inachomoka tena na tena? Kama si mkono, ni nini?

"Nimekwisha," alimwambia mkewe asubuhi moja. "Nikimalizana na Kinyozi, nafunga karakana."

"Umekwisha wapi, na wewe bado unakula kama watu wawili?"

"Nakwambia kweli, mke wangu."

Mkewe akaacha utani. Alimjua mumewe: bila karakana atakaa ukumbini akitazama ukuta, na hatamaliza mwaka. Akamwambia asifanye haraka, naye akaitikia kama mtu aliyekwishaamua.

Kwa kweli alikwishaamua. Alikuwa ametafuta alteneta inayoingia kwenye gari la namna ile, akaisafisha, akaijaribu, akaiweka mezani juu ya kitambaa. Hiyo ndiyo ingekuwa kwaheri yake kwa rafiki. Ukifunga alteneta, kaboni zake hazikusumbui miaka na miaka, na humhitaji mzee wa mkono wa kutetemeka.

Siku hiyo Kinyozi alifika kabla ya adhuhuri. Hata injini haijapoa, mwenzetu ameshakalia tairi lake kuukuu karibu na mlango, gazeti limefunguliwa, miguu imenyooshwa. Ungedhani yuko sebuleni kwake.

"Limerudi?" Fundi Kaboni akauliza.

"Limerudi, ndugu yangu. Lina nongwa hili."

"Leo dawa yake ninayo." Akamwonyesha alteneta. "Naitoa dainamo, naweka hii."

Kinyozi akaitazama kama mtu aliyeletewa mgeni asiyemtaka. "Hii nayo huharibika?"

"Ovyoovyo, hapana. Nikikufungia hii utanisahau."

Gazeti likakunjwa taratibu. "Usiniwekee," Kinyozi akasema. "Mimi nimeshaizoea dainamo."

"Umeizoea inakuacha njiani?"

"Mtu huzoea, Fundi."

Fundi Kaboni akatikisa kichwa, akafungua boneti ya nyuma, akainama. Dainamo ile ina tundu ubavuni, na kwa tundu hilo unaziona kaboni bila kufungua kitu. Akamulika. Springi moja ilikuwa imechomoka kwenye kaboni yake, imekaa pembeni. Mkono wangu tena, akawaza.

Akasogeza tochi karibu. Kwenye grisi, pembeni ya tundu, palikuwa na vitu vyeusi na vyeupe vimenata. Akagusa kwa kidole, akavisugua, akavitazama kwenye mwanga. Nywele. Vipande vifupi vya nywele, vya kukatwa na mkasi. Za watu tofauti.

Akasimama wima. Akaliangalia shati la Kinyozi, mikono yake ambayo siku zote ilikuwa na nywele za wateja hadi kwenye viwiko.

"Unaichomoa wewe," akasema.

Kinyozi hakukana. Akatazama chini kati ya viatu vyake. "Kwa mkia wa kitana," akasema. "Nilikuona unavyoirudisha. Mimi ninaitoa tu, siharibu kitu."

"Huharibu kitu." Sauti ya Fundi Kaboni ilikuwa chini, na ilikuwa mbaya zaidi kwa kuwa chini. Akaweka spana mezani, akanyoosha mkono wa kulia mbele ya uso wa mwenzake, ukatetemeka wazi. "Mimi nimekuwa silali. Nimesema mkono umenikimbia, ufundi umekwisha. Nilikuwa nafunga karakana kwa ajili yako, bwana we. Umenizika nikiwa hai."

Kinyozi akautazama ule mkono. "Huo naujua siku nyingi," akasema. "Kila ukikaa kwenye kiti changu cha kunyolea nauona juu ya goti. Sikudhani unaulaumu kwa hili gari." Kisha yakamtoka yote. "Nyumbani kwangu naongea na redio, Fundi. Jioni nazima redio, namaliza. Hapa kuna mtu wa kunijibu. Lakini wewe na sheria yako, asiye na gari bovu hakai. Ningefanyaje? Nikalitia ugonjwa."

Fundi Kaboni alikuwa na hasira, na aibu ilikuwa imeipita hasira. Miaka yote hiyo ameringia sheria yake, kumbe imemfanya rafiki yake awe mwizi wa springi.

Akainama tena kwenye injini. Akachukua koleo nyembamba, akaifuata springi. Ikateleza. Kinyozi akainuka kumsaidia.

"Kaa," Fundi Kaboni akasema.

Akajaribu tena, ikateleza. Safari iliyofuata akaegemeza kiganja kwenye chuma, akalisubiri lile tetemeko lipungue, akasukuma. Springi ikashika kaboni yake. Wakawasha gari. Taa nyekundu ikafifia, ikazimika, na feni ikavuma vizuri kama zamani. Fundi Kaboni alisimama akiisikiliza muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Kesho tunafunga alteneta," akasema.

Kinyozi akanywea. "Basi kesho kutwa nitakuja na nini?"

"Na miguu yako."

Wakaifunga kweli siku ya pili, mmoja akishika feni, mwingine akikaza nati, wakigombana kama mke na mume waliozeeka pamoja. Na siku iliyofuata Kinyozi akaja kwa miguu. Alisimama mlangoni, akakohoa, hakujua aingie au asiingie.

"Gari linaumwa nini?" Fundi Kaboni akamuuliza.

"Zima kabisa."

"Kaa."

Mkewe akaleta chai. Alipommiminia mumewe alisimamisha birika katikati ya kikombe, kama ilivyokuwa desturi yake siku hizi. Fundi Kaboni akamwambia ajaze. Kikombe kikatetemeka njiani, chai ikamwagika kwenye kisosi, akainywa palepale mbele ya Kinyozi.