Mrusho Alioupa Mgongo

Mume wangu hajui kukaa. Siku ya mashindano aliamka na mapema, akaanza kuipima sebule kwa miguu: dirishani, mlangoni, dirishani tena. Mimi ni fundi nguo na sebule hiyo ndiyo karakana yangu. Alipokanyaga kitambaa cha sare za shule mara ya pili, nilimwambia akirudia nitamshonea humohumo ndani.

"Mama Mapacha, leo usinichokoze."

"Nani anakuchokoza? Kaa chini unywe chai."

Chai akainywa amesimama.

Amerusha mkuki katika nchi ambazo mimi nimeziona kwenye ramani tu. Ana medali sandukuni, na ana kiwiko kilichopasuliwa mara mbili, tena kikashonwa ovyo. Mimi nisingemrudishia mteja nguo ya namna ile. Alikuwa amebakiza kitu kimoja tu moyoni, mashindano ya dunia, na siku hiyo ilikuwa nafasi ya mwisho ya kufuzu mwaka huo. Akikosa, daktari na kocha wote walitaka astaafu, na mimi nilikuwa upande wao. Akipata, sawa, aende, arudi, kisha akae chini kama waume wa wenzangu. Nilichokuwa nakitafuta ni kiti chenye mtu juu yake.

Uwanjani walikuwa wametandaza utepe mweupe kwenye nyasi. Mkuki ukitua ng'ambo yake, umefuzu. Mirusho yake yote iliyotangulia ilitua huku kwetu, na kila mara alirudi akijipiga paja na kujisemesha.

Hawa watu wa mkuki wana tabia moja inayonichefua. Mtu akihisi mkuki umemtoka vibaya, anauvuka mstari wa kurushia makusudi. Mwamuzi anainua bendera nyekundu, mrusho unafutwa bila kupimwa, na namba ya aibu haiandikwi mbele ya jina lake. Wote wanafanya, lakini wangu kwa kujifuta ni bingwa.

Mrusho wa mwisho ukafika. Alikimbia, akarusha, akaguna. Mkuki ulikuwa bado unapanda alipokishika kiwiko, akatema mate, akauvuka mstari kwa hasira na kwenda zake kwenye begi, akiupa mkuki mgongo.

Mimi nikaufuata mkuki kwa macho. Ulikwenda, ukakwenda, ukakataa kushuka. Ulipochoka ukachoma nyasi ng'ambo ya utepe, mbali kabisa, ukasimama wima. Watazamaji waliobaki walikuwa wanakunja miavuli yao. Bendera nyekundu ilikuwa juu. Kibarua mmoja akauchomoa mkuki na kuondoka nao kama anayeokota ufagio. Nilitaka kulia, nilitaka na kumzaba mtu kofi, sijui kipi kilitangulia.

Kocha akanijia kwenye uzio wa kamba.

"Umeuona, shemeji?"

"Nimeuona."

"Yeye hajauona. Mimi nisingemwambia. Kiwiko kile kikiendelea hivi hatanyanyua hata kikombe. Mwache aamini kwamba amekwisha, apumzike."

Maneno yake hayakuwa na kosa. Niliiona sebule yangu imetulia, vitambaa havijakanyagwa, mtu ameketi.

Mume wangu akafika na begi begani, akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule.

"Ule wa mwisho takataka, eh?"

Kocha akaanza kuchunguza viatu vyake. Ningeitikia kwa kichwa tu, mambo yangeisha.

"Takataka ni wewe!" nikamwambia. "Mkuki ulipita utepe. Ulipita mbali, ulikuwa mzuri ajabu, na wewe ukaenda kuufuta kabla haujatua!"

Akacheka kinyonge. "Acha kunibembeleza, mke wangu."

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira kwelikweli. Kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kufanya hakikupimwa, hakikuandikwa, na sasa mwenyewe anakikana. Nikainama chini ya kamba, nikaingia uwanjani na viatu vyangu vya kutokea.

"Mama! Mama, toka humo!" mwamuzi akaniita.

Nikauvuka utepe, nikaendelea, nikipekua nyasi kwa macho, mpaka nikaliona tundu. Nikasimama juu yake na kuinua mikono yote miwili.

"Hapa!" nikapiga kelele. "Ulitua hapa!"

Mume wangu alikuwa amesogea mpaka kwenye mstari. Kutoka nilipokuwa alionekana mdogo. Alinitazama muda mrefu bila kutikisa hata mguu, nami nikadhani basi, ameridhika, sasa tutakwenda nyumbani.

Kisha akalitupa begi. Akanipa mgongo na kuanza kurudi nyuma kutoka kwenye mstari, akihesabu kwa sauti hatua zake za kukimbilia, na kocha akajishika kichwa. Mwaka mwingine mzima wa mkuki huo, na niliyeuita ni mimi.