Mvua ya Saa Tisa

Redio ilisema mvua ingeanza saa tisa alasiri. Saa mbili asubuhi fundi wa paa alikuwa ameshapanda ngazi, nyundo kiunoni, na angani hapakuwa na wingu hata la dawa.

"Shuka kwanza, shemeji," mjane alimwambia kutoka chini.

Fundi huyo walimwita Sekunde, kwa jinsi asivyojua kungoja. Alikuwa rafiki wa marehemu mume wa mjane, na alikuja kwa heshima ya urafiki huo, siku moja tu. Kesho yake alikuwa anasafiri kikazi kwa mwezi mzima.

Chini ya mabati yaliyooza alilala mama mkwe, nyonga imevunjika. Kitanda chake kiliungwa humo humo chumbani na mlangoni hakipiti. Kumbeba mikononi daktari alishakataza. Nimonia nayo ndiyo kwanza ilikuwa imemwachia. "Akilowana tena," daktari alisema, "sijui kama tutamrudisha." Mjane alikuwa na miezi miwili tangu azike mume. Hakuwa na nguvu za kuzika tena.

"Mabati yote chini saa nne, mapya yote juu saa nane," fundi alisema. "Hata hao waongo wa redio wamenipa mpaka saa tisa."

Mama mkwe akadakia kutoka ndani: "Mwanangu naye alisema ni waongo! Mwache fundi afanye kazi, mkamwana. Nimechoka kulala na ndoo kitanda kimoja."

Ni kweli alisema. Marehemu alikuwa fundi rangi, na kuta za nje ndizo zilizomlisha. Kila asubuhi alitega sikio redioni, kisha akaandika kwenye kalenda ya jikoni: juu walichotabiri, chini kilichotokea. Mvua ikimsafishia ukuta mbichi, aliwalaani mpaka chakula cha jioni.

Mjane aliingia jikoni akafunua kurasa nyuma, akitarajia kukuta uongo mtupu. Katika miezi mitatu, redio iliahidi mvua siku kumi na tisa. Siku kumi na nne ilinyesha. Akahesabu upya. Zile tano mumewe alizipigia kelele nyumba nzima, na zile kumi na nne hakuzitaja hata mara moja. Mjane alitaka kumkasirikia, akajikuta anakaribia kucheka. Ndipo akaona maandishi madogo yaliyobanwa pembeni: *mapema*. *Mapema, saa sita.* *Mapema.* Siku tisa kati ya zile kumi na nne.

Akatoka nje. "Shemeji, mvua yao huiamini, ila saa yao unaiamini?"

"Eh?"

"Bati moja moja, kuanzia upande wa kitanda. Toa la zamani, weka jipya, ndipo ushike la pili."

"Hiyo si kuezeka, hiyo ni kushona viraka! Nitakesha hapa!"

"Kesha. Mama atakuwa amefunikwa."

Fundi alimtazama, akasonya, akapanda. Misumari aliigonga kama mtu mwenye kisasi nayo.

Saa tano jua lilikuwa linachoma, na kati ya mabati kumi na mawili manne tu yalikuwa yamebadilishwa. "Mvua yako iko wapi?" fundi alipaza sauti. "Imekwama kwenye foleni?" Mama mkwe alicheka mpaka akakohoa, na kikohozi kile kikamkata mjane maini. Alianza kujiona mbishi wa bure. Wangeezua paa lote, sasa wangekuwa wanarudishia.

Saa saba kasorobo upepo ukageuka ghafla. Bati la tisa lilikuwa limeng'olewa, jipya bado liko chini. Fundi alitazama nyuma yake, na safari hii hakutania.

"Bati, shemeji! Haraka!"

Mjane alilinyanyua, akapanda ngazi mpaka ukingoni mwa paa. Upepo uliingia chini yake ukataka kumwinua nalo. Ukingo ukamchana kiganja, lakini hakuachia. Matone ya kwanza yalilia juu ya mabati kama kokoto. Kupitia lile pengo aliuona uso wa mama mkwe unatazama juu, blanketi limefika kidevuni. Tone likasukumwa na upepo mpaka kwenye paji lake la uso.

"Fundi!" mama mkwe akapiga kelele. "Si unaitwa Sekunde? Nakuhesabia!"

Fundi akalivuta bati. Msumari mmoja. Wa pili. Mvua ikamwagika yote kwa pamoja.

Mjane alikimbilia ndani. Alilivuta blanketi lililoloa pindoni, akamfuta mama mkwe uso, akamfunika jingine kavu mpaka shingoni. Maji yalidondoka kutoka kwenye mabati matatu ya zamani yaliyobaki upande wa mlangoni, mbali na kitanda. Juu, nyundo ilikuwa bado inagonga.

"Hapo kwa mama panavuja?" fundi aliuliza katikati ya kelele.

Mjane alitazama juu ya mto, juu ya miguu, na pale bati la tisa lilipokutana na la kumi. Akangoja. Akapitisha kiganja kizima juu ya shuka, kuanzia kichwani mpaka miguuni. Palikuwa pakavu.

"Hapavuji," akajibu. "Shuka sasa, usije ukateleza."