Kiwanda Juu ya Meza

"Sasa wewe ndiye meneja, baba," binti alisema, akamsogezea kadi.

Fundi Rangi hakuigusa. Ng'ambo ya meza alikaa shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyekuwa meneja hasa wa kiwanda kidogo cha magari walikofanya kazi wote wawili, mpaka kilipofungwa. Tangu hapo hawakuwa wamepeana hata salamu. Leo mke kachoka na kununiana kwao; kamwita kakaye, kawaketisha wote wawili mbele ya mchezo wa ubao alioubuni binti.

Fundi Rangi aliuinamia ubao, akapigwa na butwaa.

Miaka yote ya kazi kiwandani aliishi katika chumba kimoja cha rangi, barakoa usoni, magari yakimjia uchi na kuondoka yamevaa. Yalikotoka na yalikokwenda, hakukujua. Sasa kiwanda kizima kilikuwa chini ya macho yake: mashine za kukunja bati, mafundi wa viti, maghala, barabara ndefu hadi kwa wanunuzi. Pembeni, vibao vyeusi vya makampuni makubwa vilikizingira pande zote. Na chumba chake kilikuwepo, kidogo kama ukucha, kila njia ikipitia humo.

"Kumbe ndivyo kilivyokuwa," alisema taratibu.

Akacheza. Bati likapanda bei, akapunguza magari. Kampuni kubwa ikashusha bei ya gari lake, akajikaza. Ndipo akafunua kadi iliyomtaka afunge karakana moja, la sivyo kiwanda kife. Kila karakana ilikuwa na vijitu vya mti, binti kavichonga kimoja kimoja. Mkono wa Fundi Rangi ukabaki hewani.

"Shemeji," alisema hatimaye. "Wewe ulichaguaje?"

Shemeji alikohoa. "Sikuchagua. Kila mwezi nilisema mwezi ujao, hadi kukawa hakuna cha kuchagua."

"Mbona hukutuambia?"

"Ningeanzia wapi? Kila gari lililotoka kwako nililizunguka mara mbili kabla ya kuliachia getini. Nilikuwa najiuliza, watu wanaofanya kazi safi hivi, nitawaambiaje kwamba kiwanda kinakufa?"

Fundi Rangi alimtazama usoni. Hakuwahi kujua kwamba kuna mtu aliyekuwa akiyazunguka magari yake.

Kisha akakiondoa kijitu cha chumba cha rangi, akakiweka kando.

"Yatatoka bila rangi?" mkewe aliuliza.

"Yatoke. Anayetaka rangi ataipaka kwake."

"Mjomba, inawezekana hiyo?" binti aliuliza. Yeye mwenyewe hakuwa amelifikiria.

Shemeji akakitazama kijitu kilichowekwa kando. "Sisi hatukujaribu," alisema. Akaokota dadu, akamwekea Fundi Rangi kiganjani. "Rusha, shemeji."

Dadu likabingirika, likatulia. Binti akahesabu kwa kidole, akakisukuma kigari cha mti mtupu. Kikavuka geti, kikapenya katikati ya vibao vyeusi, kikashika barabara. Vichwa vinne vilikiinamia karibu mno, na hakuna aliyenyoosha mkono kuchukua kadi nyingine.