Sakafu ya Lori la Obadia

Kiatu cha Obadia kilikuwa bado kimening'inia kwenye tundu la sakafu, kamba zake zimenaswa na ncha za bati lililopasuka, pale lori lilipoingia uani kwa Damari, fundi wa kuchomelea, likikokotwa na jozi nne za maksai. Mwenye kiatu alikuwa amekwisha kukimbizwa hospitali kwa bajaji, mguu wa kulia umebanwa kati ya vipande viwili vya mti na kufungwa kwa kanga ya mkewe.

Waliolisindikiza lori walisimulia kwa kupokezana. Obadia alikuwa akiteremka kilima cha kuingia Kinyangiri, tangi la maji limejaa mgongoni mwa lori. Alipokanyaga breki kwa nguvu, sakafu ya kebini iliachia chini ya miguu yake. Mguu ukapita, ukagonga barabara, ukavunjika. Alivuta breki ya mkono na kulielekeza lori kwenye kichuguu, likasimama. Bomba la tangi liling'oka kwa kishindo kile, na maji yote yakanywewa na mchanga huku watu wakitazama.

"Lori limezeeka," alisema Nathan, mdogo wake Obadia, akijipangusa vumbi usoni. "Kaka mwenyewe alikuwa anasema hivyo hata tulipokuwa tunampakia. Lori limezeeka, basi."

Damari alitandika gunia, akalala chali na kujisukuma chini ya kebini. Hakuhitaji kutafuta. Kile kipande cha bati alichokibandika mwaka jana kilikuwa kinaning'inia mbele ya uso wake, na mshono wake ulikuwa mzima, umenyooka, kila tone limelalia jingine kama magamba ya samaki. Kilichoachia ni chuma cha zamani kilichouzunguka. Alikigusa kwa kidole, kikamomonyoka na kumwangukia kifuani.

Hakushangaa. Mwaka jana alijua.

Mwaka jana wanaume kadhaa walikuwa wamekuja kumtazama, kwa kuwa katika tarafa nzima hakukuwa na mwanamke mwingine aliyeshika mashine ya kuchomelea. Bati la lori kuukuu, lililoliwa na kutu miaka arobaini, halivumilii moto: ukiligusa kidogo tu linayeyuka, na ukijaribu kuziba tundu moja unajikuta na mawili. Alitoboa mara tatu. Mtu mmoja akacheka. Ndipo, badala ya kukata kutu yote hadi afikie chuma kizima, kama alivyofundishwa Singida mjini kwa miaka minne, alichukua bati jipya, akalilaza juu ya uozo, akalichomelea pale palipokubali kushika, akapaka pati ya kuficha viungo, akapaka rangi nyeusi. Iling'aa hadi Obadia akapiga mluzi. Tangu siku hiyo alimsifu kila aliposimamisha lori, na Damari alizipokea sifa zile hadi akaanza kuziamini.

Alitoka chini ya lori. Uani palikuwa pamejaa. Pampu ya kisima cha kijiji iliungua Septemba, na sasa Oktoba ilikuwa inaisha bila wingu. Lori lile ndilo lililokuwa likifuata maji kilomita ishirini na kuyaleta. Wasiokuwa na punda walikuwa wakifukua mchanga wa mto mkavu na kunywa tope linalochuruzika, na watoto walikuwa wameanza kuharisha. Zahanati ilikuwa ikiwaambia wajawazito waje kujifungua na ndoo zao.

"Weka bati nene juu, tupige bolti," Nathan alisema. "Kesho asubuhi niondoke."

Ingewezekana. Kabla jua halijazama angekuwa amemaliza, na wangemshangilia.

"Siku tatu," alisema Damari.

Minong'ono ilizagaa. Klara, mke wa Obadia, alikuwa amesimama kando na beseni kichwani, nguo alizotaka kumpelekea mumewe hospitali zikiwa ndani yake. Alilishusha beseni taratibu.

"Damari, siku tatu watu wanywe nini?"

"Shikamoo, dada Klara. Sakafu inatakiwa kukatwa yote."

"Marahaba. Nimekuuliza watu wanywe nini."

Damari alimpa kisogo. Alivaa glavu, akawasha grenda ya kukatia chuma.

Kadiri alivyokata ndivyo uozo ulivyozidi kurudi nyuma. Alidhani ataishia chini ya pedeli, ukampeleka chini ya kiti. Alidhani chini ya kiti kutakuwa na chuma, akakuta kutu imepanda hadi kwenye nguzo ya mlango. Mchana ule tundu lilikuwa pana kiasi cha mtu kupita na mtungi. Nathan alishika kichwa. "Unalimaliza lori!" alipiga kelele. "Tulikuletea lenye tundu, sasa limebaki tundu lenyewe!" Damari naye aliitazama ardhi pale palipokuwa sakafu. Labda hakuna chuma kizima humu, aliwaza. Labda nitakata mpaka nibaki na usukani mkononi. Lakini jioni ile brashi ya waya ilipopita kwenye ukingo wa mwisho, chuma kilitokeza cheupe, kikang'aa, na alipokigonga kwa nyundo kikaitika.

Siku ya pili alianza kuchomelea, na ya mwaka jana yakajirudia. Aligusa bati, likatoboka. Alipunguza moto, kijiti cha kuchomelea kikanasa. Akaongeza kidogo, likatoboka tena. Jirani yake alikuwa na mashine ya kukamua alizeti, na kila ilipowashwa umeme ulizimia kisha ukarudi kwa nguvu na kula bati. Kufikia saa nne ukingo ule aliouhangaikia tangu alfajiri ulikuwa umejaa matundu kama kitambaa kilichoguguniwa na panya. Watu walikuwa wamekaa juu ya ndoo zao tupu, na safari hii hakuna aliyecheka. Chini ya kinyago chake alikuwa akilia, na machozi yalipofika mdomoni aliyalamba bila kutaka, kwa kiu.

Alivua kinyago. "Mashine ya alizeti," alisema kwa sauti iliyokauka. "Nisaidieni izimwe. Siwezi nayo."

Ni Klara aliyeinuka. Alivuka barabara, na baada ya muda mngurumo ule ukakatika, akarudi na kukaa mahali pake.

Damari alikata tena ukingo alioutoboa, upana wa vidole viwili. Safari hii alibana kipande cha shaba nyuma ya bati kinyonye joto, akachagua vijiti vyembamba kuliko vyote, na akaacha kuvuta mshono mrefu kwa mkupuo. Alitia nukta moja kulia, kubwa kama punje ya mtama. Akahamia kushoto, akatia nyingine. Mbele. Nyuma. Kisha akaweka chini kishikio na kukaa.

"Mbona umekaa?" mwanamke mmoja aliuliza.

"Nasubiri lipoe."

"Si ulimwagie maji..." Mwanamke akaishia hapo, akaangalia pembeni.

Siku nyingine angetumia kitambaa kibichi. Siku ile alikaa, akaweka kiganja juu ya bati, na lilipovumilika akatia nukta nyingine nne. Kisha akakaa tena. Hakuna kazi aliyowahi kuifanya iliyomtesa kama kukaa kule, macho yote yale yakiwa mgongoni mwake, na akijua kila dakika ya kungoja ni kiu ya watu wale. Lakini nukta zilishika. Alizigonga, zikashika.

Alasiri aliambiwa kwamba Obadia amerudishwa nyumbani. Aliacha bati likipoa, akaenda.

Alimkuta kitandani, mguu umefungwa hogo jeupe la plasta hadi pajani. Klara alikuwa amemtangulia na kukaa miguuni pake.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, fundi wangu. Nasikia unawatesa watu huko." Alijaribu kutabasamu. "Mwambie Nathan aliendeshe taratibu lori langu, limezeeka."

"Kaka Obadia, si uzee." Alikuwa bado amesimama mlangoni. "Mwaka jana nililaza bati juu ya kutu. Nilijua halitakaa. Nikapaka rangi."

Nje kuku alikuwa akiparuza ardhi.

"Ulijua," alisema Obadia.

"Nilijua."

"Nikapita ninakusifu. Hadi Itigi nimekusifu."

Damari alitazama chini. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi la Klara. Hakuwa amejiandaa kwa swali lililofuata.

"Kuna kazi nyingine uliyofanya hivyo?"

Alifikiri. Alitamani kusema hapana, na neno lilikuwa tayari ulimini.

"Ngazi ya mnara wa tangi pale zahanati. Vipago viwili vya juu."

"Tangi likipata maji, si mtu atapanda kulifungulia?"

"Atapanda."

Obadia aligeuza uso kuelekea ukutani. "Nenda kamalize," alisema. Na Damari alipokuwa ameshageuka, akaongeza, "Hiyo ngazi usiizibe. Ikate."

Alipitia zahanati akiwa na msumeno wa chuma. Alipanda kwa kushikilia nguzo, akavikata vipago vile viwili, na muuguzi alipotoka kuuliza, alimweleza sababu. Mara ya pili maneno yalitoka kwa taabu zaidi, si kwa wepesi.

Siku ya tatu, jua likiwa utosini, sakafu ilifungika. Haikuwa nzuri. Nukta zilizokutana zilikuwa na vinundu, rangi ilikuwa ile nyekundu ya kuzuia kutu tu, na pati hakutumia hata kidogo. Kila kiungo kilionekana. Pedeli zilirudi mahali pake, na bomba la tangi lilikuwa limekwisha fungwa. Nathan alipanda, akawasha. Damari alizunguka upande wa pili, akafungua mlango, akakaa.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Tunakwenda wote."

Nathan alimtazama kitambo. Habari zilikuwa zimemfikia; zilikuwa zimewafikia wote. Akatia gia.

Wakati wa kurudi, tangi likiwa limejaa na lori likinguruma kwa uzito, walifika juu ya kile kilima. Nathan alipangusa viganja kwenye suruali, kimoja baada ya kingine. Lori lilianza kuteremka, likashika kasi, na alipokanyaga breki Damari aliisikia sakafu chini ya nyayo zake ikitetemeka, ikilalamika mahali fulani karibu na nguzo ya mlango, mlio mdogo, mwembamba, asioujua. Alishikilia ukingo wa kiti. Nathan akakanyaga tena. Ule mlio ukaja, ukapita. Wakafika chini.

Foleni ilianzia kwenye kichuguu. Klara ndiye aliyeshika mpira wa maji, kama alivyokuwa akifanya siku zote lori la mumewe lilipowasili, na alijaza ndoo moja baada ya nyingine bila kumpendelea mtu. Hakuna aliyemsalimu Damari. Hakuna aliyemtukana pia. Alisimama mwisho wa foleni, akasogea waliposogea, hadi wakabaki wawili.

"Ndoo yako?" Klara aliuliza.

Alitazama mikono yake. Alikuwa ametoka nyumbani bila kufikiria kuteka chochote. "Sikuja nayo."

Klara alikuwa amekunja mpira, maji yamezuiliwa ndani. Alimtazama muda mrefu, uso wake haujalegea.

"Basi kinga mikono," alisema, na kuukunjua mpira.

Damari alikinga. Maji yaliingia kwenye malengelenge ya moto, yakamchoma, yakajaa viganjani na kuanza kumwagika kati ya vidole. Akainamisha kichwa haraka kabla hayajaisha.