Koti la Shemeji

Kila siku saa kumi alasiri nilivaa koti la shemeji yangu nikaenda kumpiga mbwa wangu.

Lilikuwa koti la kaki, refu hadi mapajani, lenye harufu ya dizeli na tumbaku. Edgar alilitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa sebuleni siku tulipomzika mdogo wake, mume wangu Kristofa, kisha akaondoka bila kulikumbuka. Nami sikumkumbusha. Nilifunga vifungo vyote, nikajifunika gunia kichwani ili uso usionekane, nikachukua fimbo ya mpera na kutokea mlango wa uani. Mbwa alikuwa amefungwa mnyororo kwenye nguzo ya banda la kuni. Nilimchapa fimbo sita, saba, siku nyingine kumi, bila kutoa sauti. Kisha nilirudi ndani, nikavua koti, nikanawa mikono kwa sabuni, nikajifunga khanga yangu na kutokea mlango wa mbele na sahani ya ugali na vichwa vya samaki.

"Pole, baba," nilimwambia. "Nani tena kakuonea?"

Nilijiona mjanja kupita kiasi. Mbwa ana pua, nilijiambia. Ataijua harufu ya koti, ataichukia, na siku mwenye koti atakapotia mguu getini, mimi nitakuwa nimesimama pembeni nikipiga mayowe ya kuomba msaada kama mtu mwingine yeyote.

Niseme kilichonifikisha huko, maana sioni aibu ya kukisema. Jumanne moja saa sita mchana Kristofa alishikwa na maumivu ya kifua hata akashindwa kuketi. Nilimpigia simu Edgar, anayekaa Usagara, si mbali na kwetu Chumbageni, hapa hapa Tanga, mwenye pikapu yake mwenyewe. "Shemeji, gari lina pancha," alinijibu. "Tafuteni bodaboda, nitawakuta huko huko." Tulimpandisha Kristofa mshikaki: dereva mbele, yeye katikati, mimi nyuma nimemkumbatia asianguke. Kwenye njia panda tulisimama kupisha magari, na hapo nikaiona pikapu ya Edgar ikikata kona kushika barabara ya Horohoro, kreti za soda zimejaa nyuma, tairi zote nne zikizunguka vizuri kabisa. Edgar alikuwa kwenye usukani na koti lake la kaki. Tulipofika hospitali, niliyemkumbatia alikuwa ameshakata roho.

Msibani hakuna aliyelia kumshinda Edgar. Alijibwaga chini mpaka wanaume wawili wakamwinua, na watu wakasema, jamani, ndugu ni ndugu. Mimi nilimtazama tu. Kumwambia nilichokiona kungempa nafasi ya kujitetea, na sikutaka ajitetee. Nilitaka aumie.

Mbwa alikuwa wa Kristofa. Alimleta akiwa mdogo wa kutosha kofiani, kutoka shamba la mkonge alikokuwa fundi wa mashine, akamwita Chai kwa rangi yake. Alikuwa mpole hata akatia hasira. Aliwatikisia mkia wezi wa kuku. Baada ya arobaini nilimbadilisha jina. Kwetu mtu mwenye dukuduku lake na mtu, asiyetaka kulisema usoni, humpa mbwa jina linalosema kwa niaba yake, kisha humwita kwa sauti barabarani. Wangu nilimwita Tutaonana. Nilisimama getini nikiita, "Tutaonana! Tutaonana, njoo ule!" na mtaa mzima ukajua kuna mtu anaambiwa, ila hawakujua ni nani.

Bi Najat peke yake ndiye aliyekuwa na maswali. Huyu ni jirani yangu wa upande wa pili wa uzio wa bati, mwanamke wa mwambao aliyenizidi umri. Katika dini yake mate ya mbwa ni najisi. Yakimgusa huosha mara saba, moja kwa udongo. Hajawahi kumgusa mbwa wangu, lakini kila asubuhi alimrushia mifupa ya samaki juu ya uzio. Siku moja alinisimamisha nikitoka dukani.

"Mama Anjela," alisema, kwa jina la binti yangu aliyeolewa Arusha, "yule mbwa alilia nini jana?"

"Shikamoo, Bi Najat. Kuna mtu huingia kumpiga."

"Marahaba. Ndio, nami namsikia. Mie mbwa simshiki, walakini masikio ninayo. Huyo mtu apita wapi, mbona geti lako silisikii likilia?"

Nilimwambia huenda anaruka ukuta wa nyuma. Alijitanda khanga yake vizuri, akaenda zake.

Miezi ikapita na mbwa akageuka. Aliacha kutikisa mkia. Akisikia ufagio alijikunyata, kisha akalirukia bati mpaka pua ikatoka damu. Mlinzi mmoja aliniambia pilipili kichaa ndani ya uji humfanya mbwa awe mkali, nikamtilia. Mpita njia yeyote alikuwa adui, na watoto wakaanza kuzunguka mtaa wa nyuma. Niliandika kwa chokaa getini: MBWA MKALI. Usiku nililala vizuri, na hilo nalo sitalificha.

Kisha wakaja watu wa chanjo ya kichaa cha mbwa, katika uwanja wa mtaa. Bwana mifugo alikuwa kijana mtaratibu aitwaye Methusela. Nilipofika na mbwa mbele yake, khanga ikanishuka begani, nikainua mkono kuipandisha. Mbwa akalala chini ghafla, masikio nyuma, meno yote nje.

Methusela alishusha sindano. "Shikamoo, mama. Huyu anapigwa."

"Marahaba. Ni mkali tu, mwanangu. Si ndiyo kazi ya mbwa?"

"Ukali gani wenye mkia katikati ya miguu? Huyu anaogopa." Alichuchumaa kando, bila kumtazama mbwa machoni. "Wanaouma nimewaona wengi. Yuko mwenye kidonda kinachomuuma. Yuko aliyefungwa tangu mdogo, hajui watu. Yuko mwenye watoto, yuko anayehofia kunyang'anywa chakula. Lakini anayeuma vibaya kuliko wote ni aliyepigwa akakosa pa kukimbilia. Na aliyempiga, mama, hamsahau."

Neno hilo la mwisho lilinifurahisha hata nikamshukuru mara mbili.

Wiki tatu baadaye Edgar akaleta ujumbe. Mwaka unatimia, alisema. Tukutane tupange siku ya kusimika msalaba kaburini na kugawa nguo za marehemu, kama desturi. Angekuja Jumamosi saa nne asubuhi. Nilimjibu, karibu sana, shemeji.

Siku ya Ijumaa sikumpa mbwa chakula. Jumamosi nilipika chai, nikatandika kitambaa mezani, kisha nikaenda bandani na kumfungua mnyororo. Nilikuwa na furaha kama msichana anayengoja mgeni wake. Nikasikia pikapu ikizima injini. Geti likalia.

"Hodi hapa!"

"Karibu, shemeji. Pita tu."

Edgar aliingia hatua tatu, akasimama. Alikuwa amekonda. Mbwa alitoka upande wa banda, manyoya ya mgongoni yamesimama, akinguruma chinichini. Nilisubiri. Edgar hakukimbia. Alichuchumaa pale pale, akaweka kiganja chini wazi, akasema kwa sauti ndogo, "Chai? Ndiye Chai huyu?"

Mbwa akanyamaza. Alinusa hewa, akanyoosha shingo kuelekea kile kiganja, na ncha ya mkia ikacheza kidogo, mara moja.

Miezi kumi yangu yote niliiona ikimwagika. Nilipiga hatua mbele, nikainua mkono kumwonyesha Edgar, nikapiga kelele, "Mkamate! Tutaonana, mkamate!"

Mbwa aligeuka kabla sijamaliza. Sikuwa na koti. Sikuwa na gunia wala fimbo. Nilikuwa na khanga yangu ya kila siku na harufu ya sabuni yangu. Aliurukia ule mkono ulioinuliwa, akaung'ata kwenye kifundo, akautikisa, na macho yake yalikuwa usoni mwangu. Yalinijua. Yalikuwa yamenijua tangu siku ya kwanza.

Nilianguka. Aliniachia mara moja, akarudi nyuma mpaka nguzoni kwake akitetemeka, ingawa mnyororo haukuwapo. Edgar alikuwa ameshaokota tofali.

"Usimguse!" nilipiga ukelele. "Weka chini hilo tofali, Edgar. Kosa si lake."

Bi Najat aliingia mbio bila hodi, na ndoo ya maji na kipande cha sabuni. Aliushika mkono wangu, damu na mate ya mbwa vikimchuruzika kwenye vidole, akausugua chini ya maji bila kusita.

"Bi Najat, najisi," nilimwambia.

"Nitaosha. Udongo haujaisha Tanga." Alizidi kumimina maji. Kisha akasema taratibu, nisikie mimi tu, "Leo nimemwona aliyekuwa akimpiga."

Nililia, na si kwa maumivu ya mkono.

Edgar alikuwa amefungua mlango wa pikapu. "Panda, shemeji. Panda upesi nikupeleke hospitali."

Nilizitazama tairi, moja baada ya nyingine. "Leo zote nzima?"

"Unasemaje?"

"Nilikuona, Edgar. Njia panda, unashika barabara ya Horohoro. Kristofa alikuwa ameniegemea kifuani. Sijui kama naye alikuona."

Mkono wake ulibaki kwenye kitasa. "Nilidhani ni vidonda vyake vya tumbo," alisema. "Kila wiki alikuwa akilalamika. Nilidhani nitawahi kurudi." Akakaa chini kwenye vumbi, kando ya tairi la mbele, mtu mzima na suruali yake ya kupiga pasi.

Mwaka mzima nilikuwa nimeitamani sura ile. Niliitazama nikashiba. Kisha nikamwomba Bi Najat aniitie bodaboda, na tukapanda mshikaki, mimi katikati, yeye nyuma amenishika kiuno.

Methusela alisema mbwa afungwe siku kumi aangaliwe, ingawa alikwisha kuchanjwa. Nilimpelekea mbwa chakula mwenyewe kwa mkono mmoja, mwingine umefungwa bendeji. Hakula mpaka nilipoingia ndani na kufunga mlango. Edgar hajarudi kuulizia msalaba. Sijamsamehe, na koti lake bado liko msumarini; nikipita karibu nalo nanusa dizeli, na siku hizi naona haya.

Siku ya kumi Methusela alimkagua macho na mdomo, akamfungua mnyororo. "Mzima kabisa," alisema. "Mwite."

Niliketi kwenye ngazi ya uani, nikaikalia mikono yangu yote miwili.

"Chai," nikaita.

Masikio yalisimama. Alitazama kwanza mlango ulio nyuma yangu, kwa muda mrefu, kana kwamba kuna mtu atatokea. Hakutokea mtu. Ndipo akaja, hatua kwa hatua, tumbo karibu na ardhi, akasimama, akanipima kwa macho. Akajilaza hapo hapo, mbali nami kwa urefu wa ile fimbo ya mpera.